Chini ya Sakafu ya Bi Kerttu

Jumamosi, 29 Agosti 2009

Leo nimekagua bunduki tatu na kuwaudhi watu wawili. Ulikuwa mkutano wa wakusanyaji wa silaha za kale, ukumbi wa shule, hapa Lehtiharju. Bwana mmoja kutoka pwani aliniletea bunduki ya mwaka 1941 aliyoifunga ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Mbao nzuri, mtutu mzuri, chapa ya jeshi ipo. Nikatoa bolti, kile kipande kinachofunga chemba ya risasi, nikaisogeza dirishani. Nambari ni ile ile ya kwenye mtutu, ila tarakimu za mtutu zimelika kwa miaka, na za bolti kingo zake ni kali kama zimepigwa juzi.

"Bolti hii ni ya bunduki nyingine," nikamwambia. "Nambari imepigwa upya."

"Marehemu baba alirudi nayo kutoka vitani!"

"Bunduki huenda alirudi nayo. Bolti hapana."

Akaifunga tena bila kuaga. Njiani mke wangu Sirkka akasema, "Tauno, ungeanza hata na salamu." Nilimjibu kwamba watu huniita niwaambie ninachokiona. Ndiyo sifa pekee niliyonayo tangu nistaafu kufundisha useremala: Hietaharju hadanganyi. Kabati langu la chuma lina bunduki kumi na tisa, kila moja na kibali chake.

Daftari hili amenipa Sirkka. Amechoka kukuta maelezo yangu nyuma ya bahasha za barua.

Jumatatu, 31 Agosti

Mvua.

Jumapili, 6 Septemba

Msimu wa kuwinda kulungu wakubwa uko karibu. Nilifuatana na Raimo, mwenyekiti wa chama chetu cha wawindaji, kuomba ruhusa kwa wenye mashamba. Kila mwaka wote hukubali, isipokuwa Bi Kerttu Ylitalo. Ana miaka themanini na minne, anaishi peke yake, na msitu wake umekaa katikati kabisa ya eneo letu kama mfupa kooni.

Alifungua mlango kiasi cha upana wa kiganja.

"Hapana," akasema, kabla Raimo hajavua kofia.

"Lakini Bi Kerttu, hatujasema kitu."

"Mkisema itakuwa hapana vile vile. Na msipite karibu na ghala langu."

Tukarudi garini. "Bi Hapana huyo," Raimo akacheka. "Akifika mbinguni atamkatalia mlinda mlango." Nilicheka pia. Mwanamke ana kahawa jikoni, harufu yake ilitufikia, na hakutukaribisha hata kikombe. Katika kijiji hiki hata mkusanya kodi hupewa kahawa.

Alhamisi, 17 Septemba

Tumevuna viazi ndani ya matope. Mgongo.

Jumamosi, 26 Septemba

Siku ya kwanza ya msimu. Mvua tangu alfajiri. Mbwa alimtoa kulungu dume mkubwa, akakimbilia moja kwa moja msitu wa Ylitalo, nasi tukasimama mpakani tukitazama mkia wake. Bi Kerttu alikuwa amesimama kando ya ghala amevaa koti la mvua la kiume, mikono nyuma, mithili ya askari wa zamu. Hakutuondolea macho mpaka tulipoondoka.

Naandika hapa nisichoweza kusema mbele ya watu: simpendi yule mama. Nadhani kuna watu ambao raha yao ni kufunga mlango.

Jumapili, 4 Oktoba

Dhoruba. Umeme umekatika. Misonobari imelala ovyo barabarani kama vijiti vya kiberiti. Raimo amepita na msumeno kusema mti mkubwa umeangukia ghala la Ylitalo na kulala juu ya nguzo ya umeme, kwa hiyo Jumamosi ya tarehe kumi na saba chama kizima kitakwenda kuukata na kuezua paa. "Safari hii hawezi kukataa," akasema. "Kampuni ya umeme imeshaagiza."

Jumatatu, 5 Oktoba

Lazima niandike yote, tena kwa mpangilio.

Simu ililia saa tatu asubuhi. Sauti ikauliza, "Wewe ndiye mtu wa bunduki?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Kerttu Ylitalo. Njoo. Peke yako. Usimwambie yule mwana wa Eevert." Mwana wa Eevert ni Raimo.

Alinisubiri uani amevaa lile koti. Hakunipeleka jikoni, alinipeleka ghalani. Mti ulikuwa umevunja kona moja ya paa, na shina lilipotua, mbao mbili za sakafu zilikuwa zimenyanyuka upande wa pili. Akanionyesha kwa kidevu. Nikapiga magoti nikamulika tochi.

Kwanza niliona karatasi nyeusi ya lami. Kisha nikanusa. Nimekusanya bunduki miaka thelathini, na ile harufu ya grisi ya jeshi naijua kuliko harufu ya jikoni kwetu. Nikainua ubao wa tatu. Zilikuwa zimelazwa kichwa kwa miguu, kila moja imeviringishwa kivyake na kufungwa kamba ya katani, kwa utaratibu kama nguo za sandukuni.

"Ngapi?" nikauliza.

"Ishirini na nne. Au zilikuwa ishirini na nne. Mara ya mwisho kuzihesabu nilikuwa na miaka kumi na tisa."

Akaketi juu ya pipa la shayiri akanisimulia, akitazama ukuta wala si mimi. Vuli ya mwaka 1944, vita vilipokwisha, baba yake na kaka yake Aarne walizileta kwa mkokoteni kutoka bohari la jeshi. Ilikuwa amri ya siri. Kila kijiji kilipewa fungu kufukia, ili adui akivamia tena, watu wasikutwe mikono mitupu. Adui hakuja. Walikuja wapelelezi wa serikali yetu wenyewe. Mwaka uliofuata siri ikavuja na watu wakaanza kukamatwa nchi nzima. Aarne akavuka bahari kukimbilia Uswidi. Baba aliitwa kuhojiwa mara tatu, na mara zote tatu akarudi bila kusema neno. Alikufa mwaka 1947.

"Akaniambia, 'Usiondoke hapa mpaka aje mtu wa kuzichukua.'"

"Mtu gani?"

"Aliyetoa amri."

"Bi Kerttu, yule atakuwa amekufa zamani."

"Najua," akasema kwa hasira. "Unadhani mimi mjinga? Lakini hakuna aliyekuja kuniambia imekwisha. Nami ningemwuliza nani? Ningekwenda polisi niseme samahani, nimekalia bunduki ishirini na nne, je, bado ni kosa?"

Tangu zilipofichwa hajalala nje ya nyumba yake hata mara moja, na hata humo ndani huamka kwa kila mlio, kabla ya alfajiri. Miaka sitini na mitano. Umeme ulipofika kijijini alikataa nguzo isimikwe karibu na ghala, wakaichimbia kule kwenye mti. Kila aliyetaka kupita, kukarabati au kuwinda karibu, alimfukuza. Nami nilikaa juu ya ubao, tochi mkononi, nikikumbuka nilivyocheka garini.

"Jumamosi ya tarehe kumi na saba watakuja na misumeno," akasema. "Zichukue zote kabla. Zitupe mtoni. Zichukue ziwe zako, sijali. Mimi sitaki kufia jela."

Nilimwambia nitafikiri.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimefungua nane. Hali yake ni ya kushangaza: karatasi ya lami imezuia maji. Nilianza kuandika nambari kwa mazoea tu. Chapa ya jeshi, herufi mbili ndani ya kisanduku, katika kila mtutu. Kutu kidogo kwenye pete za mkanda, hakuna zaidi.

Ya saba ilikuwa na bolti iliyoganda. Niliipaka mafuta, nikaikanda kwa kitambaa cha moto, na nilipoihisi inalegea, nikaacha kuvuta. Uzito wa kufunguka haukuwa wa chemba tupu.

"Toka nje, Bi Kerttu."

"Kuna nini?"

"Nadhani ina risasi."

Hakusogea. "Nimekaa nayo miaka sitini na mitano, nitaikimbia leo?"

Nikaelekeza mtutu kwenye tuta la udongo, nikaivuta bolti taratibu. Risasi ikatoka, ikadondoka kwenye mbao, ikabingirika hadi kwenye kiatu chake. Shaba imekuwa ya kijani. Mtu fulani, kwa haraka ya vuli ile, alisahau. Na chini ya sakafu, miaka yote hiyo, mtutu ulikuwa ukitazama moja kwa moja mahali lilipo pipa la shayiri.

Akaiokota, akaitazama, akaniuliza kama nakunywa kahawa.

Jikoni kwake kulikuwa na mkate mtamu wa iliki wa asubuhi ile. Hapo ndipo aliponiambia habari ya Eevert, baba yake Raimo, fundi seremala. Mwaka 1951 alikuja kumposa. Badala ya pete alikuja na mbao mpya nane mabegani, akasema zawadi yake ni kumtengenezea sakafu ya ghala, maana ameona imechakaa. "Nikamfukuza na mbao zake," Bi Kerttu akasema. "Kwa maneno mabaya. Ilibidi yawe mabaya, la sivyo angerudi." Akanimiminia kahawa tena. "Alikuwa na mikono mizuri."

Alhamisi, 8 Oktoba

Zote zimefunguliwa. Ishirini na nne kamili.

Ya ishirini na mbili ni ya mlenga shabaha. Darubini yake iko ndani ya mfuko wa ngozi, na nambari ya darubini inalingana na iliyochongwa kwenye bunduki. Nimeona mbili tu maishani, zote nyuma ya kioo cha makumbusho. Mtutu wake ni kama kioo.

Imeletwa nyumbani kwa ukaguzi zaidi.

Ijumaa, 9 Oktoba

Mvua.

Jumamosi, 10 Oktoba

Mvua. Sikwenda kwa Ylitalo. Nimekataa kuwinda, nimesema mgongo.

Jumatatu, 12 Oktoba

Nitaandika ukweli sasa, kwa kuwa Sirkka ameshaniambia usoni.

Alikuwa ananitafutia koti la sufu nyuma ya kabati akaikuta, imesimama gizani ndani ya shuka. Akaileta jikoni akaiweka mezani kati ya sahani. Kisha akaenda kuchukua kitabu changu cha vibali, akakifungua mbele yangu.

"Nionyeshe iko ukurasa gani."

"Ni ya ukaguzi."

"Nimekuuliza ukurasa, mzee wangu."

Nikasema hakuna anayejua idadi isipokuwa yule mama, naye mwenyewe kanipa. Nikasema zikifika polisi huenda zikayeyushwa, na chuma kama kile kuyeyushwa ni dhambi. Nilisema mengi. Sirkka aliniacha nimalize, halafu akasema, "Kerttu amelala na kitu kilichofichwa miaka yote hiyo. Sasa umemsaidia vipi? Umehamishia usingizi wake mbovu nyumbani kwangu."

Nilikuwa nimewaambia watu miaka thelathini kwamba bolti zao si za kweli.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimeirudisha. Nilimwambia Bi Kerttu wazi kwamba niliiba. Akasema haiwezi kuwa wizi kwa kuwa yeye alinipa. Nikasema haikuwa yake kunipa. Hapo alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayenifahamu.

Ndipo nikamweleza ninachojua. Siku hizi mtu akijipeleka polisi mwenyewe na silaha ya zamani isiyo na kibali, hashtakiwi. Nimewahi kuwasindikiza wajane wawili na mzee mmoja, hakuna aliyeulizwa hata jina la mbwa wake. Lakini awe wa kwanza kusema. Jumamosi Raimo na wenzake wakizikuta, mambo yatakuwa mengine.

"Hao walikuwa na bunduki moja moja," akasema. "Mimi nina za kikosi."

"Ni kweli."

"Unaweza kuniapia hawatanifunga?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema, "Siwezi kukuapia. Naamini hawatakufunga. Na nitakuwa nimekaa kando yako."

Aliiacha kahawa yake ikapoa. Kisha akasema nipige simu mimi, kwa kuwa yeye akipiga atakata kabla hawajapokea.

Alhamisi, 15 Oktoba

Afisa alikuja saa nne asubuhi, mwanamke wa makamo aitwaye Pirjo Kangasniemi, pamoja na dereva. Mimi na Sirkka tulikuwa tumeshafika.

Bi Kerttu alivaa gauni lake la kanisani. Meza ilikuwa na vikombe vya maua, mkate wa iliki, na aina tatu za biskuti. Mlangoni kulikuwa na sanduku dogo la nguo. Sirkka akaniminya mkono. Tuliona wote wawili: juu ya sanduku amelaza mswaki ndani ya mfuko wa nailoni, na dawa zake za presha. Alikuwa amejiandaa kuchukuliwa.

Afisa Kangasniemi aliliona pia. Alivua viatu, akaketi, akapokea kahawa.

"Nianze wapi?" Bi Kerttu akauliza. Alikuwa amesimama.

"Anza kwa kuketi, mama."

Akasimulia yote, safari hii akimtazama msikilizaji. Mkokoteni, Aarne, kuhojiwa kwa baba mara tatu. Afisa aliandika kidogo sana. Mwishoni Bi Kerttu akasema, "Baba hakuwahi kusema neno. Nikisema mimi sasa, jina lake litaandikwa wapi?"

"Halitaandikwa popote pa ubaya," afisa akajibu. "Umeita mwenyewe. Hakuna kesi, mama. Si yako, si ya baba yako, si ya kaka yako. Nitaandika kwamba silaha za mwaka 1944 zimekabidhiwa kwa hiari na mwenye nyumba, basi."

"Basi?"

"Na kwamba mkate ulikuwa mzuri."

Nilitarajia Bi Kerttu alie. Hakulia. Aliweka mikono miwili juu ya meza, bapa, kama mtu anayejaribu kama meza ni imara. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema. Akarudia tena, taratibu. Sirkka ndiye aliyelia.

Ghalani tulihesabu pamoja, nikisoma nambari, dereva akiandika. Tulipofika kwenye ile yenye darubini nikasema, "Hii ililala kwangu siku tano. Haikuwa halali."

Afisa akainua macho. "Iko hapa sasa?"

"Iko."

"Una kibali cha mkusanyaji, bwana Hietaharju?"

"Ninacho."

"Ukifanya tena hutakuwa nacho." Akasubiri niitikie. Nikaitikia. "Endelea ya ishirini na tatu."

Amesema hazitayeyushwa kabla makumbusho ya mkoa hayajaziona, na ameniomba niandike tathmini ya kila moja. Gari lilipoondoka, Bi Kerttu alisimama uani mpaka mlio ukapotea. Halafu akaniuliza, kana kwamba ni jambo dogo, kama nadhani wale vijana wa Jumamosi wangependa supu ya nyama au ya samaki.

Jumamosi, 17 Oktoba

Watu kumi na moja, misumeno minne, supu ya samaki. Jua, la kwanza baada ya wiki mbili. Kijiji kizima kilikwisha kujua. Raimo alikuja kofia mkononi tangu getini.

"Bi Kerttu, mimi nimekuita majina mabaya."

"Najua. Baba yako alikuwa na adabu zaidi." Akamtazama mikono. "Unajua kupiga randa?"

"Kiasi."

"Basi sakafu ile ing'oe yote."

Raimo aling'oa. Baadaye, tukila, akamwuliza polepole kama ni kweli ile habari ya mbao nane. Baba yake aliwahi kumwambia kwamba kuna ghala moja tu kijijini alilokatazwa kuligusa, naye akafa bila kujua kwa nini. Bi Kerttu akasema ni kweli, na kwamba sababu haikuwa yeye Eevert. Raimo akasema, "Ningekuwa mwanao."

"Ungelelewa vizuri zaidi," akasema, na meza nzima ikapasuka kwa kicheko. Yeye alicheka wa mwisho, kicheko kikavu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

Jumatano, 28 Oktoba

Tathmini kumi na mbili zimekamilika.

Jumapili, 1 Novemba

Theluji ya kwanza, imeyeyuka kufikia mchana. Bi Kerttu alikuja kwetu kupiga simu kwa Aarne, ati kwake simu hukwaruza. Nadhani hakutaka kuwa peke yake. Aarne ana miaka themanini na tisa, anaishi Umeå, ng'ambo ya ghuba. Wamekuwa wakiandikiana kadi za Krismasi, na hakuna kadi iliyowahi kutaja ghala.

"Aarne," akasema. "Zimekwenda."

Tulisikia sauti ya mzee ikiuliza kitu.

"Zote. Nimewaita mwenyewe. Wamekunywa kahawa." Akasikiliza. "Hapana, hawakunifunga, we mpumbavu, ningekupigiaje?" Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi, akaugeukia ukuta. "Basi, basi. Usilie. Mke wako atadhani nimekufa."

Ijumaa, 13 Novemba

Makumbusho yamezipokea. Mkurugenzi amenishika mkono kwa ile yenye darubini. Itakaa nyuma ya kioo, nami nitakuwa nikiitazama kama watu wengine. Nilidhani itaniuma. Niliporudi nililala mchana kama mtoto.

Jumamosi, 21 Novemba

Tumempeleka Bi Kerttu bandarini Vaasa. Hajawahi kupanda meli. Aliuliza mara tatu ni saa ngapi inaondoka, na mara moja kama inajua njia gizani. Atakaa kwa Aarne wiki mbili. Raimo atalisha paka. Kwenye ngazi ya kupandia alisita, nikadhani atarudi nyuma. Akageuka akamwambia Sirkka, "Nimesahau kufunga mlango."

"Nitaenda kuufunga," Sirkka akasema.

Akafikiri. "Acha," akasema, akapanda.

Jumapili, 22 Novemba

Simu imelia saa nne na nusu asubuhi. Nilishtuka, nikadhani amezidiwa.

"Tauno? Ni mimi. Saa ngapi huko?"

"Nne na nusu. Kwenu tatu na nusu. Kuna nini, Bi Kerttu? Uko salama?"

"Niko salama," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyetoka kitandani wakati ule ule. "Nilitaka tu kumwambia mtu. Nimeamka sasa hivi."